Miguu Miwili Chini ya Kitambaa

Kwa jina la Mola Mrehemevu, aliyeupanga mwili wa mja mshipa kwa mshipa na kila mshipa akaupa kazi yake, tunaanza. Tunamwomba auzuie ulimi wetu usimzulie mtu jambo asilolitenda, kwani kisa hiki ni cha uzushi wa namna hiyo, na cha rehema iliyofuata baada yake.

Ama baada ya hayo: fundi cherehani alikutwa amelala kifudifudi juu ya sakafu ya vigae, uani nyuma ya chumba chake cha kushonea, saa moja na robo asubuhi. Damu ilimtoka kwenye paji la uso ikafuata mistari ya vigae hadi kwenye tundu la maji machafu. Juu yake bomba la sinki lilikuwa bado linamimina. Shavuni alikuwa na povu la sabuni lililoanza kukauka.

Askari wa zamu aliyetangulia kufika alikwisha andika "marehemu" katika daftari lake.

Inspekta alipiga goti kwa shida, akaweka vidole viwili shingoni mwa fundi, akatulia.

"Futa neno hilo," akasema. "Marehemu wako anapumua."

Yafaa sasa tuwapange watu wa kisa hiki kila mmoja mahali pake. Inspekta mwenyewe aliitwa Taratibu, kwa kuwa katika miaka thelathini ya kazi hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Wenye ulimi mwepesi walisema sababu ni tumbo. Msaidizi wake alikuwa koplo mwanamke, mwembamba na mwepesi, ambaye kituo kizima kilimwita Umeme. Fundi alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, na mtaani waliacha kumwita Fundi wakamwita Bwana Matunda, kwa sababu kwa miaka minne hakula ila matunda mabichi. Hakugusa kilichopita motoni, wala mafuta, wala nyama, wala samaki, wala yai, wala tone la maziwa. Hata karanga alizikataa kwa kuwa zina mafuta. Mkewe alishona vifungo na kutia pindo katika chumba hichohicho. Dada yake mkubwa alikuwa mwalimu mstaafu, na bado alibeba sura ya darasani, hata watu wazima wakipishana naye njiani walificha kucha zao. Wa mwisho ni mzee mpiga pasi, aliyesimama mbele ya meza ya kupigia pasi tangu siku za baba yake fundi.

Basi yule dada, Mwalimu, alikuwa amesimama kizingitini mwa jikoni, kidole kimenyooka.

"Nimemwona kwa macho yangu mawili! Mkewe! Kamsukuma mgongoni kwa mikono miwili, kichwa kikagonga sinki!"

"Wifi," mke akasema, "muogope Mungu." Mkononi alishika glasi ya juisi.

Walipomnyanyua fundi kumweka kwenye machela, alifumbua macho. Inspekta akainama.

"Nini kimekupata, bwana?"

"Nimesukumwa."

"Na nani?"

"Nilikuwa na sabuni machoni. Nimesukumwa... mgongoni..." Macho yakafumba tena.

Gari la wagonjwa likaondoka. Inspekta akaichukua ile glasi kutoka mkononi mwa mke, akaiinua kwenye mwanga. Chini kulikuwa na mashapo ya rangi ya kutu.

"Hii ni juisi gani?"

"Ndizi na machungwa."

"Ndizi ipi ina kutu?"

Mke akatazama vigae. Koplo Umeme akaitia glasi katika mfuko wa vielelezo, akaufunga na kuubandika lakiri.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na dirisha lililopakwa rangi hadi nusu. Mke wa fundi aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu atakayeondoka sasa hivi.

"Ulikuwa wapi mumeo alipoanguka?"

"Jikoni, nasaga juisi. Nikasikia kishindo. Nikatoka na glasi mkononi."

"Wifi yako alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma kumjulia hali ndugu yake. Kila asubuhi huja. Nilipotoka nilimkuta mlangoni pa jikoni, ameduwaa, hasemi. Kisha akaanza kupiga kelele."

"Uligombana na mumeo?"

"Jana."

"Juu ya nini?"

"Juu ya yai." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nilimpikia mtoto yai, harufu ikamfikia. Akasema nyumba yake nimeigeuza makaburi."

"Glasini ulitia nini?"

Mke akaushika tena mtandio wake.

"Mama, nakuuliza kwa heshima. Ulitia nini?"

"Nikisema, ndoa yangu imekwisha."

"Na usiposema," Inspekta akamjibu kwa upole, "kesho saa nane mchana nitakupeleka mbele ya hakimu kwa shitaka la kujaribu kuua. Shahidi ninaye aliyekuona. Majeruhi mwenyewe anasema kasukumwa. Kielelezo kiko maabara. Ukifika huko, kurudi si rahisi."

"Mwanangu anatoka shule saa saba. Nani atampokea?"

"Jirani yenu ameahidi kumpokea."

"Kwa leo," mke akasema. "Na kesho? Na mwaka kesho?"

Inspekta akafunga daftari lake. Akaamuru apewe chai, kisha akatoka.

Koplo alimkuta ukumbini anasoma karatasi iliyokunjwa mara nne, aliyoiokota katika chumba cha kushonea: "Mlo wa Usafi, Darasa la Jumamosi."

"Afande, unasoma ushahidi au unajisajili?"

"Daktari wangu kaniambia nipunguze kilo kumi na tano. Hapa wanaahidi ishirini."

"Na ukipunguza hizo kumi na tano, utaweza kushuka garini kabla yangu?"

"Usitarajie makubwa, binti yangu. Twende tukamwone Mwalimu."

*

Mwalimu aliwapokea katika sebule yake iliyojaa madaftari, akawaonyesha viti kwa mkono, nao wakakaa kama wanafunzi.

"Ulisimama wapi, Mwalimu?"

"Kizingitini mwa jikoni."

"Sinki liko umbali gani?"

"Hatua kumi. Tisa."

"Uliona nini?"

"Mke wa ndugu yangu amesimama nyuma yake. Akanyoosha mikono. Akasukuma."

"Mkono wa kulia au wa kushoto ulitangulia?"

"Yote pamoja."

"Alivaa nini?"

"Gauni la kijani."

"Kwa nini amsukume?"

Mwalimu akasema kwa sauti ya mtu aliyelisoma jibu mara nyingi: "Amechoka na mlo wake. Hakuupenda tangu mwanzo. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikufa kwa moyo, mishipa imezibwa na mafuta. Ndugu yangu alikuwa na mwili mkubwa na shinikizo la damu lililopanda hata akashindwa kulala. Mimi ndiye niliyemtafutia mlo huu. Mwaka wa kwanza alipungua, shinikizo likashuka, akacheka kama kijana. Watu kumi na wanne sasa wanamfuata. Huyo mwanamke ndiye pekee aliyekunja uso."

"Na mwaka huu wa nne? Bado anacheka?"

"Mwili unajisafisha," akasema upesi. "Kuna kipindi cha udhaifu. Hupita."

Inspekta aliandika neno hilo, "udhaifu", akalipigia mstari.

*

Kesho yake asubuhi na mapema walikwenda kwenye chumba cha kushonea, kilichokuwa na mashine tatu, meza ya kukatia, sanamu ya kuvishia nguo isiyo na kichwa, na harufu ya pamba iliyopigwa pasi. Mzee mpiga pasi hakuacha kazi alipohojiwa. Kila swali alilijibu baada ya kumaliza mkunjo.

"Mzee wangu, fundi alikuwa mzima siku hizi?"

"Mzima wa wapi, mwanangu? Tazama hapa." Akalifunua shati jeupe ambalo halijamalizika kushonwa. Kolani kulikuwa na madoa madogo ya damu, kama kumi.

Koplo akainua kichwa. "Damu ya nani?"

"Yake mwenyewe. Sindano humchoma kidoleni naye haoni. Mimi ndiye humwambia, 'Bwana mkubwa, unamshonea mteja kwa damu.' Hutazama kidole kama cha mtu mwingine. Na pedali! Akikanyaga hajui nguvu ya mguu wake; mashine inaruka na kitambaa kama punda aliyeumwa na nyuki."

"Hasikii maumivu?"

"Anasema miguu yake imevaa soksi. Namtazama, hana soksi. Na joto lote hili la pasi yeye huvaa sweta. Machungwa yenyewe alikuwa akiyala akifumba jicho moja, maana meno yamelika."

"Aliwahi kusukumwa kabla ya jana?"

Mzee akaweka pasi wima, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Mara mbili! Ya kwanza alinituhumu mimi. Alikuwa anajaribu fulana ya shingo nyembamba, ameivuta kichwani, mara huyo kaanguka juu ya meza. 'Mzee, mbona unanisukuma?' Nami nipo hapa, pasi mkononi, yeye yuko kule! Nikamwambia, 'Labda nilikusukuma kwa mvuke.'"

"Na ya pili?"

"Umeme ulikatika."

Koplo akakohoa. Mzee akamtazama, hakujua kosa lake.

"Alikuwa stoo anatafuta nyuzi, giza likaingia, tukasikia kishindo. Akasema ni mkewe. Mkewe alikuwa sokoni."

Inspekta akahesabu kwa vidole, taratibu. "Fulana usoni. Taa zimezimika. Sabuni machoni."

"Afande," Koplo akasema, "huyu msukumaji ni mwoga kweli. Haji ila mtu akiwa haoni."

"Ndivyo." Inspekta akafunga daftari lakini hakuondoka. Alikwenda uani, akasimama kizingitini mwa jikoni alipodai kusimama Mwalimu, akatazama sinki. Hatua tisa, naam. Lakini juu ya kichwa chake kamba mbili zilipita kutoka ukuta hadi ukuta, na zilikuwa na vibanio vya mbao visivyoshika kitu.

"Mzee wangu! Kamba hizi huanikwa nini?"

"Pamba mpya. Fundi haikati pamba kabla ya kuilowesha na kuianika, ili ijikunyate na kurudi hapa, isirudi mwilini mwa mteja. Ndiyo kanuni ya baba yake."

"Jana asubuhi kulikuwa na kitambaa?"

"Mita kumi na nane, ya sare za wauguzi. Niliianika mwenyewe juzi jioni, ukuta kwa ukuta. Niliiondoa kabla ninyi hamjafika, ili watu wapate kupita. Bado ilikuwa mbichi."

"Ilishuka hadi wapi?"

Mzee akainama, akaonyesha kwa kiganja chini kidogo ya goti lake.

Inspekta alimtuma Koplo achukue shuka mbili, wakazitundika palepale. Kisha akamwambia aende akasimame kwenye sinki. Yeye akarudi kizingitini.

"Nyoosha mikono, Umeme."

"Nimenyoosha, Afande."

"Ngapi?"

"Yote miwili! Hunioni?"

"Naona viatu vyako," Inspekta akasema. "Vinahitaji rangi."

*

Hospitalini, daktari wa zamu alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, na saburi ya mtu asiyelala vizuri. Alikuwa ametia nyuzi tisa katika paji la fundi. Fuvu halikupasuka.

"Kesho kutwa naweza kumruhusu," alisema. "Jeraha ni dogo, na hesabu ya damu yake ni njema sana."

"Daktari, naomba jambo moja la kipolisi ambalo huenda ni la kidaktari. Asimame, miguu pamoja. Sisi sote tusimame mbele yake, mikono yetu aione."

Daktari alimtazama Inspekta, kisha akaivaa miwani yake. Akamsimamisha fundi. Mtu huyo alikuwa mwembamba hata mifupa ya mabega ilionekana chini ya vazi la hospitali, ngozi imekauka na kupauka. Alisimama, macho kwenye sakafu, akiilinda miguu yake kwa kuitazama.

"Tazama mbele," daktari akasema. "Vizuri. Sasa fumba macho."

Fundi alifumba. Aliyumba kama mlingoti usiofungwa, mara akaenda mzimamzima kwa nyuma, na Koplo, aliyekuwa amekwisha zunguka kwa wepesi wake, akamdaka.

"Nimesukumwa!" fundi akapiga kelele. "Mmeona? Nani kanisukuma?"

Daktari alikuwa ameinua mikono yake yote miwili hewani. Inspekta vilevile. Fundi akawatazama mmoja baada ya mwingine, na usoni mwake ikapita hofu ambayo jana, pamoja na damu yote ile, haikuwamo.

"Mke wangu yuko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mahabusu, bwana. Kwa neno lako na la dada yako."

Daktari hakupoteza muda. Alichukua kijichuma chenye pembe mbili, akakigonga kikalia, akakiweka kwenye kidole gumba cha mguu.

"Unakisikia kikitetemeka?"

"Sisikii kitu."

Kwenye kifundo: hapana. Kwenye goti: kidogo. Akataka kuuona ulimi, ulikuwa mwekundu na laini kama umepigwa pasi. Akauliza chakula, naye fundi akaeleza, mwanzoni kwa fahari, kisha kila sentensi ikawa fupi kuliko iliyotangulia.

"Miaka minne bila nyama, samaki, yai wala maziwa?"

"Bila."

"Na vidonge vya vitamini?"

"Sitii dawa mwilini mwangu."

"Bwana, iko vitamini moja, B12, ambayo matunda hayana. Ini huihifadhi kwa miaka, ndiyo maana mtu hujiona mzima muda mrefu. Ghala likiisha, mishipa ya fahamu hupoteza ganda lake. Miguu husahau mahali ilipo. Macho yako ndiyo yamekuwa yakikushikilia. Ukiyafumba, huna miguu. Hakuna aliyekusukuma."

Kisha akamgeukia Inspekta, amekunja uso. "Lakini jambo moja halikai sawa. Ugonjwa huu kwa kawaida hudhoofisha damu kwanza. Damu ikiwa nzuri hivi, hakuna daktari ambaye angetazama miguu. Hata mimi sikuitazama."

Koplo alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni. Akaikata.

"Maabara, Afande. Mashapo ya glasi: madini ya chuma na asidi ya foliki. Vidonge vya kuongeza damu, vimesagwa. Hakuna sumu."

Daktari alivua miwani. "Basi sababu ndiyo hiyo! Asidi ya foliki huijaza damu ikaonekana njema, lakini mishipa ya fahamu haiisaidii kitu. Ugonjwa ukajificha nyuma ya damu nzuri. Aliyempa alimtakia mema."

"Atapona?" Inspekta akauliza. Alilihitaji jibu hilo kuliko sahihi yoyote ya jalada.

"Sindano ya kwanza anachomwa sasa hivi, pindi tu nikichukua damu ya kupima. Nyingi zitafuata. Tungechelewa miezi sita ningekuambia hapana. Leo nasema: sehemu kubwa itarudi, kwa miezi, na kwa jasho lake. Kushona, Inshallah, atashona."

*

Ilikuwa saa tano asubuhi, siku hiyohiyo, ambayo ndiyo ya mahakama. Mke wa fundi aliletwa tena kwenye meza ileile.

"Mama," Inspekta akasema, "vidonge vile ulivinunua lini?"

Akashtuka. Kisha mabega yakashuka, kama mtu anayetua mzigo aliouzoea.

"Mwaka mmoja na nusu sasa. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wetu nilishikwa na kizunguzungu, kliniki wakanipa vidonge hivyo, nikasimama. Nilipomwona yeye anayumba, nikasema ni damu. Angejua, angesema nimemtia najisi. Aliapa: dawa ikiingia kinywani mwake kwa mkono wangu, mimi si mkewe. Nikawa navisaga kila asubuhi. Nimemdhuru, si ndiyo?"

"Uliuficha ugonjwa bila kujua. Daktari kaupata. Anatibika."

Alilia, na Inspekta akatazama dirisha lililopakwa rangi hadi nusu, akaisoma nusu ya mawingu mpaka kilio kikaisha.

Ndipo akaitwa Mwalimu. Aliingia akamwona wifi yake, akasimama.

"Kaa, Mwalimu. Nina maswali machache. Kitambaa kilichoanikwa uani kilikuwa rangi gani?"

"Kitambaa?"

"Mita kumi na nane. Ukuta kwa ukuta. Kati yako na sinki."

Mwalimu akageuka kumtazama wifi yake.

"Ulisema uliona mikono miwili mgongoni. Mimi nimesimama uliposimama. Mikono haionekani. Mgongo hauonekani. Kilichoonekana kilikuwa chini ya pindo la kitambaa. Sasa nakuonya kwamba utakachosema kitaandikwa. Uliona nini?"

Mwalimu alivua miwani yake, akaikunja, akaiweka mezani, akawa mwanamke mzee tu.

"Niliona miguu miwili," alisema.

"Ya nani?"

"Ya ndugu yangu."

"Na mingine?"

"Hapakuwa na mingine. Miguu miwili tu, mitupu, imetanuka, inapapasa kigae kama kipofu anayetafuta mlango. Nikaitazama. Nilimfundisha mimi kutembea, Bwana Inspekta. Mama alikuwa kazini, mimi nina miaka tisa. Naijua miguu ile. Nikaona inakwenda, na hakuna aliyeigusa."

"Kwa nini basi ukamtaja mkewe?"

"Kwa sababu kama hakuna aliyemsukuma, basi nimemsukuma mimi!" Sauti ilimpasuka. "Mlo nilimletea mimi. Alipopungua, nilijisifu kila nyumba. Alipoanza kujikwaa, nikamwambia ni uchafu unatoka. Mkewe alinijia mara mbili, akaniomba, 'Wifi, mshauri aende hospitali,' nikamfukuza. Moyo ulikwisha jua, ulimi haukutaka. Alipoanguka, nikakumbuka siku ya stoo aliposema kasukumwa na mkewe, nikaona mlango umefunguka, nikauingia. Nilimzika mama kwa mafuta. Sikuweza kumzika ndugu yangu kwa matunda."

Koplo aliyekuwa akiandika aliinua kalamu, akaishusha tena.

"Matunda hayana kosa," Inspekta akasema, "na mwaka wa kwanza hukumdanganya, ulimfaa. Kosa ni kuuziba mdomo wa mtu aliyeona. Mwalimu, umetoa maelezo ya uongo kwa polisi, na mtu amelala mahabusu kwa ajili yake. Sina ruhusa ya kulifunika hilo."

"Sikuombi ulifunike."

Aliweka sahihi kila ukurasa, kwa mwandiko mzuri usiotetemeka. Saa sita kasorobo mke wa fundi alikuwa huru, na saa saba alikuwa langoni mwa shule.

*

Hakimu aliyasikiliza yote. Mke wa fundi, alipoulizwa kama ana neno, alisimama na kusema kwamba amelala usiku mmoja mahabusu na hataki usiku huo umzalie wifi yake mwingine. Mwalimu akapewa onyo kali na miezi sita ya kuwa chini ya uangalizi.

Jumamosi iliyofuata watu kumi na wanne walikuta darasa lao liko kama kawaida. Mwalimu alisimama mbele yao, akawasomea kosa lake tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akawapanga mstari kwenda kupimwa. Watatu walionekana ghala zao za vitamini ile karibu zimekwisha. Mmoja alikuwa muuguzi. Wawili walikasirika, wakaondoka wakisema amenunuliwa. Mmoja wao alirejea baada ya siku nne, akidai alikuwa anapita tu.

Inspekta, kwa upande wake, alipewa na daktari wake mpangilio wa chakula wenye matunda asubuhi, samaki mchana, na mwendo wa dakika thelathini kila siku.

"Mwendo gani?" Koplo aliuliza.

"Kaandika 'wa haraka'."

"Afande, mrudishie karatasi. Kamkosea mgonjwa."

Katika wiki ya tano walikwenda kumjulia hali fundi, kwenye ukumbi wa mazoezi wa hospitali. Alikuwa ameongezeka mwili kidogo na sweta ameliacha. Alisema vidole vya mikono vimeanza kuchomwachomwa, na alilisema kama mtu anayetangaza harusi, kwa kuwa daktari alimwambia maumivu hayo ni mishipa inayoamka. Asubuhi ile alikuwa amekula yai la kuchemsha. Hakulipenda, akala jingine.

Mtaalamu wa viungo alimtaka atembee kutoka kiti hadi dirisha, pasipo vyuma vya kushikia.

"Nahitaji watu wawili," alisema. "Mmoja kila upande. Wamshike kiunoni, si mkononi. Wasimbebe, wasimwachie."

Mke akasogea upande wa kulia. Upande wa kushoto ulibaki wazi. Koplo alipiga hatua, Inspekta akamvuta mkono wa sare.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi la mbali, mkoba magotini. Tangu siku ya mahakama alikuja kila siku, akaketi palepale, hakusogea zaidi.

"Wifi," mke akaita, hakugeuka. "Unamsubiri nani? Njoo umshike huyu ndugu yako, mzito, nami nina mkono mmoja tu huku."

Mwalimu alisimama. Mkoba ulianguka, vitu vikatawanyika, hakuviokota. Akaja akaweka mkono kiunoni mwa ndugu yake, na mkono wake ukakutana mgongoni na mkono wa mkewe, wala hakuna aliyeuondoa.

"Dada," fundi akasema, "usinihesabie hatua kwa sauti. Watu wananitazama."

"Moja," Mwalimu akasema.

Wakaenda. Miguu ilikwenda ovyo mwanzoni, kisigino kikitangulia upande usio wake, kisha ikakubaliana. Alipofika hatua ya sita fundi alikuwa anacheka, na dada yake alikuwa amepoteza hesabu.

Ewe Mola uliye karibu na kila mshipa, warehemu waliotangulia kwa maradhi yasiyojulikana jina lake. Na hawa waliobaki, mume na mkewe na mtoto wao, na dada aliyerudi, na wale kumi na wanne, na mzee mbele ya pasi yake, na askari wawili waliosubiri kabla ya kuhukumu, wape afya katika miili yao, ukweli katika ndimi zao, na wa kuwashika kiunoni siku watakayoyumba. Amina.